Moto Ni wa Kahawa

Kaka yangu uliyelala kwenye mawe,

Ukungu umekaa huku Mbozi tangu mvua zilipokatika. Kila asubuhi tumechuma kahawa bila kuonana, tukisikia tu buni zikianguka kwenye vikapu na watu wakikohoa. Leo mchana ukungu umeondoka. Umeondoka wote, hakuna hata kipande kilichobaki kwenye miti, na upepo umekufa. Mbingu iko wazi mpaka inatisha. Wewe unajua maana yake.

Naandika kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa sukari. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la pili, basi usinicheke.

Unakumbuka tulivyopanda kutoka Mbangala, mwaka ule Wazungu walipomaliza vita vyao? Ulitangulia mbele, na kila kilima kilipotuongezea baridi uligeuka ukaniambia, "Mdogo wangu, huku hata mbu wamekataa kuishi. Tutalala vizuri." Tulikuwa na mashati ya pamba na blanketi moja la kugawana. Nyapara alitupokea kwenye lango la shamba, akatutazama kuanzia miguuni, kisha akawaita wenzake.

"Njooni muone watu wa joto! Hawa tutawazika kabla ya palizi."

Ulicheka. Ulidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni, ukamjibu, "Nyapara, chimba refu basi, mimi nina miguu mirefu."

Walitupa kibanda bondeni, karibu na kijito. Huko juu, penye jua, kuna kahawa na nyumba ya bwana. Bondeni kuna sisi na kitalu cha miche, sisi kwa sababu hatuhesabiwi, miche kwa sababu inataka maji. Lakini baridi nayo hushuka bondeni kama maji. Kwa hiyo nyakati za baridi kali hupangwa mafungu ya kuni pembeni mwa kitalu, na juu yake majani mabichi, ili moshi ulale juu ya miche kama ukungu. Sisi ndio tuliokata kuni hizo. Sisi ndio tuliozibeba.

Asubuhi ile ya kwanza ya sakitu, umande ulioganda kwa baridi, sitaisahau. Ukungu ulikuwa umeondoka jana yake na watu wote wa kwetu tulifurahi, tukaanika blanketi, tukasema baridi imekwisha. Kulipokucha nyasi zote zilikuwa nyeupe. Kwetu udongo ukiwa mweupe asubuhi ni chumvi, watu hutoka na vyungu kuikwangua. Ukaniita kwa furaha, "Njoo na sufuria, huku chumvi inaota juu ya majani!" Ukachuma jani, ukalilamba. Ukasimama umetoa ulimi.

"Mbona inakimbia?"

Nyapara alikuona. Alicheka akashika mti asianguke. Tangu siku ile akakuita Chumvi, na kambi nzima ikakuita hivyo.

Lakini wewe hukulamba bure. Jioni uliniambia, "Tumekosea. Ukungu si adui yetu, ukungu ndio blanketi la bonde hili. Ogopa siku utakapofunuliwa." Nikakwambia unaota. Ulikuwa umeanza kuhema kwa shida.

Ulitoboa gunia la kahawa matundu matatu, ukalivaa juu ya shati. Alfajiri moja mbingu ilikuwa wazi kama leo, na mioto ya kitalu ilikuwa imewashwa. Ulitoka kibandani ukitetemeka, ukachuchumaa kwenye fungu la mwisho, ukanyoosha mikono. Nyapara akaja na fimbo yake.

"Ondoka hapo. Moto ni wa kahawa."

"Napasha mikono tu, mzee wangu."

"Mkikaa mnasinzia. Mkisinzia moto unazimika, miche inakufa, mimi nafukuzwa. Nina watoto. Ondoka."

Ukasimama, ukajipiga kifuani penye maandishi ya gunia. "Nyapara, tazama vizuri. Na mimi ni kahawa."

Wote waliokuwa pale walicheka. Nyapara naye alicheka sana. Kisha akasema, "Wewe ni maganda, Chumvi. Maganda hatuyawashii moto." Akakusukuma kwa ncha ya fimbo. Hakukupiga hata kidogo. Mpaka leo natamani angekupiga, ningepata pa kushika hasira yangu.

Kichomi hakikukaa nawe muda mrefu. Ulikuwa unawaka moto mwilini huku meno yanagongana, na neno lako la mwisho lenye akili lilikuwa, "Usimwambie mama kwamba ni baridi. Hatakuelewa. Mwambie nyoka." Nikamtumia mama habari ya nyoka. Ameilia hiyo.

Tulitaka kukuzika karibu na kijito, penye udongo laini. Msimamizi wa shamba akasema pale patapandwa kahawa. Tukakupeleka kwenye mawe, mahali ambapo jembe hurudi na cheche. Tulichimba kwa kupokezana, na shimo halikufikia ule urefu uliouomba. Tulikukunja magoti, kaka. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Nimebaki hapa kwa sababu sikujua nirudi na uso gani. Nimekuwa mzoefu. Mgongo wangu umekwisha, vidole vya miguu havina hisia, na nyapara ananiamini kuliko wote kwa kuwa sisemi. Msimu huu amenipa kiberiti cha kitalu. Ndiyo, mimi. Mioto ile ni yangu sasa.

Wiki iliyopita walikuja watu sita kutoka kwetu. Mmoja ana mvi kwenye ndevu, amevaa shati la pamba, na kifua chake kinapiga filimbi kama chako. Leo mchana nilimkuta anaanika blanketi.

"Shikamoo, mzee. Usifurahi bado," nikamwambia.

"Marahaba. Kwani jua nalo huku lina ubaya? Tumetaabika na ukungu, sasa Mungu ameuondoa, nawe unanuna!"

Alikuwa anacheka na jino moja la mbele halipo. Nikamwacha.

Jua lilipoinama nyapara akateremka, akatazama mbingu, akanusa. "Leo ndiyo leo," akasema. "Bwana ameshaahidi miche hii kwa watu. Usilale."

"Sitalala, mzee."

Sikumdanganya. Tangu alipopanda kwenda kwake sijakaa chini mpaka sasa ninapokuandikia. Nimehamisha kuni zote, fungu kwa fungu, kutoka kitalu mpaka kambini. Zimepangwa mbele ya kila mlango, na fungu kubwa kuliko yote liko mbele ya mwenye mvi. Majani mabichi nimeyatupa, watu hawahitaji moshi. Pale kitaluni hakuna hata kijiti.

Barua hii siipeleki popote. Nitawasha moto, watu watoke, nami nitawasomea yote, wajue aliyewatangulia alikuwa nani na kwamba hakuumwa na nyoka yeyote. Wakishaota vizuri nitawaambia kuni hizi zimetoka wapi. Anayetaka kukimbia akimbie, mwenye kosa ni mimi. Najua nitapelekwa bomani, najua na viboko. Mgongo wenyewe si nimesema umekwisha?

Kukipambazuka nyapara atashuka na kukuta kitalu chote cheupe. Baadaye jua litapanda na miche itakuwa myeusi, mmoja baada ya mwingine, na atalia kwa ajili ya watoto wake. Sitamhurumia. Kabla jua halijafika bondeni nitachuma jani moja, nimpelekee kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nimwambie alambe.

Mimi mdogo wako,
mtu wa joto.