Mchi wa Pili

Jumanne, Juni

Eti wimbo una mapengo! Mwalimu mkuu alisimama mlangoni leo watoto wakifanya mazoezi ya Sabasaba, akanikatiza: "Mwalimu Felista, hayo mapengo yazibe. Wageni watadhani watoto wamesahau maneno."

Nikasema ndiyo, mwalimu. Nikaweka ngoma kwenye kila pengo.

Yakazibika kweli. Watoto wakachangamka, wimbo ukaenda kama gwaride, naye akaondoka anatabasamu. Mimi tangu hapo sina raha, hata chai imenipoa mezani.

Ule ni wimbo wa kutwangia, wa watu wawili kwenye kinu kimoja. Neno linashuka pamoja na mchi wako. Kisha unanyamaza kidogo ukiuinua, na katika kimya hicho unaanguka mchi wa mwenzako. Ndiyo maana ukiuimba peke yako unachechemea. Watoto niliwaambia tu, hapa nyamazeni. Sikuwaeleza kwa nini.

Mwenzangu alikuwa dada Skola. Tulitwanga pamoja uani kwa mama, kule Mwazye, mpaka uzazi ulipomchukua. Tangu tumzike sijashika mchi. Unga nanunua Majengo, napika ugali wa mtu mmoja, na baridi hii ya Sumbawanga...

Leo nimempigia ngoma mahali pake, ili wageni wasishtuke.

Kesho naiondoa. Mwalimu mkuu atasema wimbo umepungua. Nitamjibu ndiyo, mwalimu, umepungua.