Hotuba ya Pilar

Vårby gård, Alhamisi, Oktoba 2009

Nimechoka, na leo si mwili tu.

Pilar, mhandisi wa karakana ya hospitali ninakofanya kazi, amepata tuzo. Ni ile ya Marekani wanayopewa wahandisi wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Yeye alizaliwa Chile. Wanamtuza kwa kengele ya tahadhari ya mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, tuliyoiunda pamoja karakanani kwa miaka miwili. Tulikula keki, nikampigia makofi kwa moyo mweupe.

Kisha akanisomea hotuba yake. "Namshukuru fundi msaidizi wangu, Déo."

Msaidizi! Mchoro wa kwanza niliuchora mimi.

Siku nyingine ningenyamaza. Leo nikamwambia, "Pilar, mimi ni mhandisi. Nilisomea Lubumbashi miaka mitano."

Akashika mdomo. "Miaka yote hii tuko pamoja, hujawahi kuniambia!"

"Hukuniuliza."

Akalifuta neno lile, akaandika "mhandisi mwenzangu", machozi yakimlengalenga. Nikarudi kwenye kazi yangu.

Nyumbani, nilipomsimulia Mama Neema, aliacha kumenya viazi. "Baba Neema, tangu tufike nchi hii sijakusikia ukijiita mhandisi."

Kweli. Na nilipojiita hivyo, sauti ilinitetemeka kama ya mtu anayedanganya.