Baba, Nimefunua Turubai la Noah

Baba,

Shikamoo. Nimekaa barazani kwenye kiti chako, hapa Bagara. Mama yuko jikoni anachambua maharage, na nimemdanganya kwamba naandika maandalio ya somo. Barua hii nimeianza mara tatu. Zile mbili za kwanza nilizichana kwa sababu nilikuwa najitetea tu, na wewe hukuwa na masikio ya kumsikiliza mtu anayejitetea.

Naanza na jambo utakalolichukia. Tangu tukuzike, na sasa ni mwezi wa nne, nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Mzee Salimu ndiye aliyekuua. Wala sikunong'ona. Nimesema kanisani, nimesema sokoni, nimewaambia walimu wenzangu kule Sigino. Polisi walituambia tairi la nyuma la Noah yako lilipasuka ukiwa karibu na Magugu, mchana wa jua kali, gari tupu, unarudi kutoka Arusha ulikowapeleka watu wa harusi. Na miaka yote hiyo hukununua tairi popote isipokuwa kwa rafiki yako Salimu. Ningemshuku nani mwingine?

Alikuja msibani na mfuko wa mchele. Nilimrudishia palepale getini, jumuiya nzima inaangalia. Akasimama ameushika ule mfuko, akaniambia, "Mwanangu, tutaongea." Nikasema moyoni, huyo ni mwenye hatia, mtu msafi ana nini cha kuongea? Tangu siku ile Mama akikutana na mke wake sokoni anageuza uso. Mama yetu, baba, ambaye husalimia hata mbuzi wa jirani.

Nilikuwa na kinyongo kingine pia. Unakumbuka ile Jumamosi ulipochukua gari langu, ukasema unakwenda kuliosha? Lilirudi linang'aa, lakini tairi si zangu. Zangu nilikuwa nimezichagua mwenyewe kwa yule jamaa wa mtumba, barabara ya Singida, bila kukuambia, kwa sababu nilichoka kuonekana mtoto asiyejua kununua kitu. Zilikuwa nyeusi tii, meno yake manene, na ubavuni zina kamchoro kama ua. Mimi kale kaua nikakaona ndiyo nembo ya ubora! Ulizorudi nazo zilikuwa zimeshatembea. Nilipokuuliza ukasema, "Hizo ndizo zinazokufaa, mama. Endesha." Nilinuna wiki nzima. Nikajua Salimu amekuzunguka, amebaki na tairi zangu nzuri akakupa makapi. Nilikuona mzee anayeliwa na rafiki yake huku anacheka naye.

Sasa Jumatano hii nimekwenda dukani kwake. Jumatatu Mama ana kliniki ya macho Arusha, na sikutaka kumpandisha barabara ile na tairi zilizolika. Maduka yako mengi, ila nilikwenda kwake makusudi ili nimnase. Nilikuwa nimejiandaa. Lile somo lako nililolisikia kwa sikio moja nilikuwa nimelisoma upya kwenye simu: saizi kwanza, kisha namba ya uzito, kisha ile herufi ya mwendo. Ulikuwa ukiinama na kitambaa chako, unafuta vumbi ubavuni, unaniambia, "Herufi si ruhusa ya kukimbia. Inakuambia tairi litavumilia moto kiasi gani." Nami nakujibu kwamba trafiki wana tochi za kupima mwendo kila kona, nani atafika huo mwendo. Ukawa unatikisa kichwa.

Nilimwambia Salimu nataka herufi H, isiwe chini ya hapo. Kila aliloleta nililikwaruza kwa kucha nione kama herufi imechezewa. Nikasoma wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nikanusa hata ile rangi nyeusi wanayopaka. Hakukasirika, na hilo nalo likanitia shaka. Akaniletea na stuli. Nikajiuliza, mtu niliyemwita muuaji ananiletea stuli ya nini?

Ndipo akaingia stoo, akatoka anabingirisha tairi moja, halafu la pili, mpaka zikatimia nne. Kila moja lina maandishi ya chaki: Baba Paskalina.

"Hizi ni za baba yako," akasema. "Mzigo ulifika wiki moja baada ya msiba. Sijamuuzia mtu."

Akanieleza. Kwamba Jumamosi ile ulimwachia gari langu, ukarudi nyumbani kwa bodaboda kuchukua Noah. Saizi ya tairi ni moja. Ukamwambia fundi wake azifungue zile za Noah, ulizonunua kwake mwaka juzi, zenye H, azifunge kwangu, na zangu azifunge kwenye Noah. Alikukatalia. Alikuonyesha kwamba zangu ni tairi za theluji, na kale kaua ndiyo alama yake, mpira laini, herufi Q, chini ya H, tena zimekaa miaka mingi kuliko zinavyoonekana. Babati tumeona theluji lini, baba? Ukamjibu kwamba ndiyo maana huwezi kuniacha nazo. Watu wa harusi umeshawaahidi, dukani kwake saizi hiyo imeisha, utakwenda polepole, na mzigo wake ukija utabadilisha.

Nilimuuliza kwa ukali kwa nini hakusema msibani. Akaangalia chini.

"Ungetaka niseme mbele ya jeneza kwamba zilikuwa zako?"

Sikumwamini hata hapo. Nilitoka bila kuaga, nikisema moyoni kwamba mwenye duka hakosi hadithi. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa jumuiya. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye Noah ambayo Baba mdogo aliivuta akaifunika, na ambayo sikuwahi kuisogelea. Nikafunua turubai. Tairi tatu zimebaki nzima. Nikafuta vumbi kwa khanga yangu. Q. Kale kaua. Na kwenye moja ya mbele ule uzi wa mpira niliozibiwa pancha pale Sigino, siku nilipokanyaga msumari mbele ya shule.

Nilikaa kwenye majani nikalia. Kisha nikakukasirikia, baba, na bado nimekukasirikia. Kwa nini hukuniambia? Ungeniita mjinga. Ungenitupia zile tairi uani. Ningenuna wiki mbili badala ya moja, na leo ungekuwa umekaa hapa kwenye kiti chako unalalamika chai imepoa.

Siku mbili hizi nimetafuta mtu mwingine wa kumshuku. Nilikwenda barabara ya Singida kumtafuta yule jamaa wa mtumba, kibanda kimefungwa, hakuna anayejua alikohamia. Nimejaribu kusema ni msumari. Nimejaribu kusema ulisinzia, Mungu anisamehe. Pengine hata kwa zile za H tairi lingepasuka, sijui, na nadhani sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba Salimu hakukuuzia zile tairi, na nimemchafua mji mzima.

Jana alinipigia simu. Alisema hatamwambia mtu, yeye ni mzee, atabeba tu. Na kesho Baba mdogo analeta mnunuzi wa vyuma chakavu kuikata Noah. Baada ya hapo hakutakuwa na tairi wala ua, nitabaki mimi na Salimu tu tunaojua. Nakiri kwamba niliposikia vile nilipumua. Dakika nzima nilikuwa nimeshakubali. Nilijiona nikiendelea na maisha, na yule mzee akizeeka na jina nililompa. Ndipo nikachukua kalamu, maana wewe nisingeweza kukudanganya.

Sasa kwaheri, baba. Pumzika, na usinisubiri nikutake radhi zaidi ya hapa, kwa sababu wanaostahili kunisikia ni wazima. Nakuahidi hivi: nikiweka kalamu naingia jikoni. Nitamshika Mama mkono, nitampeleka nyuma ya nyumba, nitamwonyesha ile herufi kwa kidole changu na nitasema nilizinunua mimi. Kisha nitakwenda kwa Mzee Salimu mchana, wateja wakiwa wengi, niseme pale pale. Kanisani nitasema Jumapili. Tairi zako zenye chaki nitazichukua nikishamaliza kusema, si kabla. Kama Jumatatu Mama atakataa kupanda gari langu, nitampeleka Arusha kwa basi, nikae kiti cha nyuma yake.

Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kukuzika. Lakini nanyanyuka.

Mwanao,
Paskalina