Mkunga Wetu, Mkunga Wao

Jumamosi, 1 Oktoba

Shirika la misaada linaondoka. Meya Samatar katuambia leo barazani, huku akikoroga chai ambayo ilishakorogwa. Mwisho wa mwezi huu. Kituo cha uzazi wanatuachia – jengo, vitanda, friji ya chanjo. Mshahara wa mkunga hawatuachii! Huo tuutafute wenyewe.

Nikauliza, na ile ruzuku ya wilaya iliyoahidiwa kutoka Mogadishu? Samatar akacheka. Wajumbe wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Barwaqo, mkunga wetu, akiondoka, hospitali iliyobaki ni ya mkoani. Siku nzima ndani ya gari, na vizuizi vya wenye bunduki, kila kizuizi na bei yake. Wako wanawake waliofia njia ile. Na binti yangu Ubah anatarajia kujifungua mwanzoni mwa Novemba. Mimba ya kwanza. Nikimwona anavyotembea kajishika kiuno, nahesabu siku.

Kisha wakanipa kazi: nikusanye ushuru wa soko! Kwa nini mimi? Kwa sababu nimezaliwa kwa watu wa Juu, ukoo wa upande mmoja wa korongo, na nimeolewa kwa watu wa Ng'ambo, ukoo wa upande wa pili. Mtu wa Juu hatampa mwanamume wa Ng'ambo hata senti moja, na wa Ng'ambo ni vivyo hivyo. Mimi ni dada wa hawa na mke wa wale. "Shukri hana pa kukimbilia," kasema Samatar. Anadhani ni sifa.

Jumanne, 4 Oktoba

Soko. Siku ya kwanza. Aibu tupu.

Nimeanza na Dahabo wa buchani, mwenzangu wa Juu, tumecheza pamoja tangu utotoni. Nikadhani atanifungulia njia. Akanitazama huku kisu mkononi. "Ushuru wa serikali? Ipi? Nionyeshe hata mguu wake mmoja niubusu." Wanawake wa maziwa ya ngamia wakaangua kicheko mpaka mmoja akamwaga. Nikamwambia ni kwa ajili ya Barwaqo. Akasema Barwaqo analipwa na wazungu. Nikamwambia wazungu wanaondoka. "Mwenye kuondoka aache amelipa," akasema, akarudi kwenye mbavu zake.

Nimerudi na vumbi. Baraza limenipa kibanda cha mabati katikati ya soko, kwenye ukingo wa korongo, kina mlango na kufuli. Kizuri. Ndani hakuna kitu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Lori la Warsame, mtu wa Juu, limeungua jana barabarani na sukari yake yote. Baada ya swala leo kaka yangu Geedi kasimama tu pale msikitini, akasema neno moja – qaaraan. Mchango wa ukoo. Basi! Simu zikaanza kulia mifukoni. Waliokuwa Nairobi wakatuma, waliokuwa Amerika wakatuma, hata mjane mmoja asiye na kitu akatuma kidogo chake. Jua halijatua, Warsame ana lori jingine.

Watu hawa hawa! Siku tatu nimezunguka sokoni, mkono mtupu.

Nimelala kitandani natazama dari. Mbona nisitumie neno hilo hilo?

Jumapili, 9 Oktoba

Nimemwambia Samatar: tuache kusema ushuru. Tuseme qaaraan ya mkunga. Wazee wa pande zote mbili waitishe, kila mmoja kwa watu wake. Samatar nusura anikumbatie, akakumbuka mimi ni mke wa mtu. "Shukri, wewe una kichwa!" Ninacho, wallahi. Nimetembea mpaka nyumbani natabasamu peke yangu.

Jumatano, 12 Oktoba

Zimeingia! Zimeingia mpaka Geedi mwenyewe akashangaa. Mshahara wa Barwaqo wa miezi mingi, na akiba ya dawa. Nyingi zimetoka Juu – wao wana maduka, wana watoto ughaibuni. Ng'ambo wametoa kidogo. Mvua hazijanyesha, mbuzi wamekufa, watatoa nini? Lakini wametoa.

Nimempelekea Barwaqo habari. Alikuwa anaosha mikono. Akasimama hivyo hivyo, maji yanachuruzika. Akasema yeye si wa hapa, si wa Juu wala Ng'ambo, ametoka kusini na begi moja, na hakuwahi kufikiri mji huu ungemchangia. Akalia kidogo. Na mimi nikalia. Kisha akaniambia nimlete Ubah apimwe, tusikae tunalia kama tumefiwa.

Mtoto amekaa vizuri. Kichwa chini. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 22 Oktoba

Kuna kitu sikipendi.

Geedi anakwenda kituoni kila asubuhi. Mwanzoni nilifurahi. Anapeleka chai ya maziwa, anaulizia afya. Sasa ameweka mtu langoni – Liban, mpwa wa mkewe, na fimbo. Na leo Ubah kaniambia: alipofika kupimwa, Liban alimwuliza, "Binti wa nani?" Akataja jina la baba yake. Kama ilivyo desturi! Nimembeba mimi, nimemnyonyesha mimi, lakini ni wa baba yake, ni wa Ng'ambo. Liban akamwambia akae pembeni, wa Juu wamalizike kwanza.

Amekaa juani mpaka adhuhuri. Na tumbo lile!

Nikaenda kwa Geedi moto unaniwaka. Nikamkuta anakunywa chai.

"Kaka, kituo kile ni cha mji."

"Jengo ni la mji," akasema. "Mkunga ni wetu. Nani kamlipa?"

"Na Ng'ambo wametoa!"

"Wametoa cha kununulia sabuni." Akanimiminia kikombe. Hakukasirika, ndilo linaloniuma zaidi. "Dada, ungeita ushuru, ningekwambia ni mali ya serikali, nisingetia mguu. Uliita qaaraan. Ukoo ukaitwa, ukoo ukaja. Cha ukoo ni cha ukoo. Nani aliyekufundisha neno hilo, si baba yetu?"

Nimekunywa chai yake na nimeondoka.

Ni mimi. Nimelileta mwenyewe kwa kichwa changu kile nilichojisifia. Neno lile linafungua mifuko yote, kweli. Lakini linafungua kwa kumgawa kila mtu upande wake.

Jumatatu, 31 Oktoba

Shirika limeondoka. Picha, mikono, gari nyeupe mbili, vumbi. Samatar hayupo, kaenda Mogadishu kuikimbiza ruzuku. Basi kijana mmoja wa shirika akasimama na ufunguo wa lango mkononi hajui ampe nani. Nikanyoosha mkono. Geedi naye akanyoosha. Kijana akamtazama mwanamume mwenye ndevu nyekundu za hina, akampa yeye.

Jumatano, 2 Novemba

Nimeanza upya sokoni. Safari hii natumia neno lake lenyewe: ushuru. Mdogo tu, bei ya kikombe cha chai, kila siku, kila meza. Siulizi mtu ni wa nani. Meza ni meza.

Dahabo: "Lakini tumeshachanga!"

Amesema kweli. Qaaraan huitwa mara moja, mtu akitoa amemaliza. Nikajaribu kumweleza. Kwamba zile fedha zitakwisha. Kwamba hii ni kama kufagia ua, huwezi kufagia leo ukasema umefagia mwaka mzima. Kwamba akilipa kwa meza yake, mkunga hana ukoo.

"Na mimi wa Juu nilipie mtu wa Ng'ambo azae?"

"Nyama yako nani anakula?"

Nusu ya wateja wake wanavuka korongo kuja kwake. Akapangusa kisu. Akasema ana kazi nyingi, niondoke mbele ya wateja.

Wamelipa wanne. Wawili wa maziwa, wa Ng'ambo. Mama wa ndizi. Na fundi viatu kiziwi, ambaye sina hakika amenielewa. Adhuhuri nikasimama mlangoni pa kibanda nikasema kwa sauti nimepata kiasi gani. Wakacheka. Hata hivyo wamesikia.

Jumamosi, 5 Novemba

Wamelipa wengi kidogo kuliko juzi. Dahabo bado. Ananiangalia nikipita, anajifanya anafukuza nzi.

Samatar kapiga simu. Ruzuku "inashughulikiwa." Nikamwomba aongee na Geedi kuhusu lango. Akasema kaka yako ni kaka yako, ongea naye wewe. Wanaume!

Ubah hali chakula vizuri. Mikate miwili tu ya anjera toka asubuhi. Anauliza kila saa, "Mama, itakuwaje pale langoni?" Namwambia Geedi ni mjomba wake, hawezi kumfungia. Namwambia hivyo. Sijui kama naamini.

Jumanne, 8 Novemba

Naandika nyuma ya karatasi za baraza, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nje ya kibanda changu cha ushuru. Afadhali niandike kuliko kungoja tu.

Uchungu ulimshika Ubah alfajiri. Mume wake yuko machungani na ngamia, basi tukamleta na mkokoteni wa punda, mimi na shemeji zangu. Tukafika langoni. Tukamkuta mwanamke mwingine amelala kwenye kivuli cha ukuta – Hodan, mtu wa Ng'ambo, mke wa mchungaji, mimba yake ya nne, damu imeshaanza kumtoka. Alikuwa pale tangu usiku. Liban kasimama juu yake na fimbo, hatazami chini. Kijana wa watu. Naye kaambiwa tu.

Geedi akaja. Akamwona Ubah mkokotenini. Uso ukambadilika, nilimwona, maana ni mjomba, alimbeba huyu mgongoni. "Mfungulie," akamwambia Liban. "Huyu ni mtoto wa dada yangu. Aingie."

"Na huyu?" nikauliza.

"Huyu ana wazee wake."

Lango likafunguka kidogo, upana wa mtu mmoja.

Niseme ukweli, hakuna anayesoma hapa. Ningeingia. Nilishamshika Ubah mkono. Sikumtazama Hodan tena, nilitazama ule upenyo tu. Mwanangu kwanza, mengine baadaye.

Ni Barwaqo aliyetoka. Katoka katika upenyo ule ule, begi lake begani, glavu mfukoni, kandambili. Akapiga magoti kwa Hodan, akamgusa tumbo, akainuka kwa Ubah, akamgusa. Akamwuliza Geedi, je, wanaingia wote wawili? Geedi akaanza maneno ya ukoo. Barwaqo hakumsubiri amalize.

"Mzee, lango ni lako. Baki nalo." Akanigeukia. "Shukri, una mahali penye mlango na kivuli? Karibu?"

Ninapo. Kwa mara ya kwanza nikashukuru kupewa kibanda kitupu.

Tumewaleta wote wawili kwa mkokoteni mmoja, punda akihema, katikati ya soko lililojaa. Shemeji zangu wametandika mikeka. Mama wa ndizi kavua mtandio wake wa juu, wa maziwa wakavua yao, wamefunika madirisha na mapengo ya mabati. Mtu kaleta maji ya moto ya chai. Barwaqo kafunga mlango, katoa kichwa mara moja kusema Hodan ndiye wa haraka, Ubah bado, nisimsumbue.

Kule juu namwona Geedi. Bado amesimama langoni kwake, na Liban, na ufunguo. Kituo kiko wazi nyuma yao na ndani hakuna mtu. Wa Juu waliokuwa kwenye foleni wameshuka, wamekaa hapa chini pamoja nasi, wanangoja hapa alipo mkunga. Namwonea huruma kaka yangu. Na bado nina hasira naye. Vyote viwili.

Hodan amepiga kelele. Kisha – mtoto! Sauti ndogo, kali. Wanawake wamepiga vigelegele, wa huku na wa kule, sikuweza kuwatofautisha. Barwaqo hajatoka. Sijui damu imekoma au la. Ubah sasa ndiye anayelia, ananiita, na mlango umefungwa.

Dahabo amekuja. Kaacha bucha lake wazi kwa nzi. Mikono ina mafuta, kashika noti zake zilizokunjamana, katazama kibanda, kanitazama mimi kwenye ndoo yangu.

"Nimekuja kulipa ule wa meza," kasema. "Nalipa wapi, kama mmeziba?"

Nimemwambia angoje, Ubah anaita. Kaketi chini mavumbini, noti mkononi, anangoja.