Matone ya Mtungi wa Hawe

Dada yangu Sidi,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana hata uwe mbali kiasi gani wewe bado ni mkubwa wangu, na Mama angenigombeza kama ningeanza bila salamu. Barua hii nimeipeleka gazetini kwa sababu zile nilizokuandikia kwa anwani ya Bungoma zimerudi zote, zimegongwa mhuri kwamba hujulikani huko. Yeyote anayeisoma na anakufahamu, namwomba akufikishie.

Nina habari nzito, na unisamehe kwamba unaipata mbele za watu. Mama ametutoka. Alianza kuumwa kifua wakati wa mvua kubwa, akapata nafuu, kisha akatuacha asubuhi moja Baba akiwa ampozea chai. Tulichelewesha mazishi tukitumaini utatokea, mpaka wazee wakasema basi. Tumemzika nyuma ya jiko, karibu na ule mdanzi wako.

Naona herufi zimeanza kuogelea, kwa hiyo niache nikukumbushe mambo mengine kwanza.

Unazikumbuka Jumamosi za madanzi? Mama alikuwa anatukalisha uani, wewe na kile kisu kidogo Baba alichokuja nacho kutoka hotelini, mimi na sinia la karafuu za kuchagua. Wewe ulimenya ganda jembamba bila kulikata, likashuka mpaka miguuni, na mimi nikakuonea wivu mtindo mmoja. Siku ile mtoto wa Mama Karisa, jirani yetu, alipodhani ni machungwa, ulimpa danzi zima kwa uso mkavu kabisa. Aliuma uchungu ule, akakodoa macho, akameza kwa sababu ya aibu. Ulicheka ukaanguka na kigoda. Mama alikupiga na ungo, naye huku akicheka.

Maganda yalianikwa juu ya paa la jiko, kisha yakaingia mtungini pamoja na gome la mwarobaini, karafuu, iliki na mdalasini, na juu yake ramu. Sisi tuliita matone, kwa kuwa hakuna aliyeweza kunywa zaidi ya matone. Yalikuwa machungu hayo!

Watu wa Malindi waliyajua matone kwa sababu ya Baba, ila yalianza kwa Hawe, bibi yetu mzaa Baba. Yeye alikuwa anatibu matumbo ya Magarini nzima kwa magome aliyoyaroweka katika pombe ya mnazi iliyochemshwa ikawa kali. Mtungi wake wa kioo cha kijani, tumbo kubwa na shingo nyembamba, alipewa na msimamizi wa shamba la mkonge aliyetibiwa naye. Halafu chifu akaanza kuwasaka wanaochemsha pombe, na Baba, ambaye alikuwa ameshapata kazi ya baa hotelini, akaanza kuleta ramu ya dukani. Akajaribu kudondoshea matone kwenye glasi ya ramu na ndimu ya mgeni mmoja. Mgeni akaonja, akainua kidole, akataka nyingine. Dawa ya tumbo ya Hawe ikawa kinywaji cha wazungu waliovaa kaptura, na Hawe aliposikia alisema hao nao lazima matumbo yanawauma.

Jambo moja Hawe hakutaka mzaha nalo: mtungi usikauke. Ukifika vidole vinne kutoka chini, unajaza mapya juu ya ya zamani. "Msimalize," alikuwa anasema. "Huo ukikauka, mtakuwa mwapika tu kama watu wengine." Kwa hiyo yale tuliyoonja sisi yalikuwa na mkono wa Mama, na chini yake mkono wa Hawe mwenyewe, na Hawe alikuwa amekufa kabla mimi sijaanza shule.

Nadhani hukumsahau yule bwana wa kampuni ya pombe, aliyekuja na tai shingoni jua likiwaka. Alitaka kununua siri. Mama akamwambia bure, kila kitu, hata akamfungia maganda kwenye gazeti. Alirudi baada ya miezi, amenuna.

"Mama, haifanani. Umenificha kitu."

"Sikukuficha, baba. Wewe watengeneza ya leo. Sisi twajazia ya jana."

Hakuelewa. Wewe ulikuwa mlangoni umejiziba mdomo kwa leso, ukinikanyaga mguu nisicheke.

Na kuonja kulikuwa kwako. Mama alidondosha tone nyuma ya mkono wako, ukaliramba, ukafumba jicho moja. Tulisubiri kama tunasubiri hukumu ya kadhi. "Bado yalala," ulikuwa unasema, na Mama alifunika mtungi kwa leso yake kuukuu bila kubisha. Siku uliyosema "Yameamka," Baba alijaza chupa zake za hotelini. Mimi niliramba tone lile lile nikaona uchungu mtupu.

Kisha akaja kukuposa shemeji Wafula, fundi wa umeme wa hoteli, mtu wa bara, ameokoka, hanywi ila soda. Mama hakuwa na neno na ubara wake. "Ila nyumba isiyo na tone la ramu," alimwambia Baba, "huyu mtoto na ulimi ule ataonja nini?" Ulichukia. Mlikaa siku za mwisho bila kusemezana, wewe na Mama, mliokuwa mkifanana mpaka kununa. Lakini asubuhi ya safari nilimwona akiingiza kitu kwenye mkoba wako. Ilikuwa chupa ya dawa ya kikohozi, amejaza matone, na karatasi yake ya jina la dawa ameiacha makusudi ili Wafula asiulize. "Tumbo likikuuma huko," alisema, akageuka akaenda kufagia ua uliokwishafagiwa.

Hujui alivyokungoja. Barua zako zilipokoma, watu walianza kutunong'onezea maneno. Yeye aliyakata. "Sidi ana chupa. Mwenye chupa ile hajapotea." Na kila alipojaza mtungi aliramba tone mkononi mwake, akatazama mlango, akauliza, "Sidi angesemaje?" Mimi nilikuwa nashika kazi nyingine.

Sasa sikiliza lililotupata, ndilo lililonitia kalamu mkononi. Matanga yalipoisha, wanawake walibaki kutusaidia. Walifagia, walikunja mikeka, waliosha kila sufuria na kila bakuli la nyumba hii. Mama Karisa alikuta mtungi chumbani, una maji meusi machache chini, yananuka. Akaona aibu kwa niaba ya marehemu. Wakayamwaga, wakatia mchanga na majivu, wakautikisa kwa zamu mpaka kioo kikang'aa, wakaupindua juani. Mimi nilipotoka nje walikuwa wanautazama kwa furaha, na Mama Karisa akaniambia, "Mwanangu, tumekutakasia." Nilimshukuru. Ningefanya nini? Walimpenda Mama, na walikuwa wamechoka kwa ajili yetu.

Nimetengeneza tena, dada. Madanzi ya mti ule ule, gome lile lile, ramu Baba ameichagua mwenyewe. Nilimpelekea tone. Akaramba, akasema, "Ni mazuri." Alisema vile anavyowaambia wageni. Kisha akaomba maji. Jioni nilimkuta ameushika mtungi magotini, ananusa shingo yake.

Nakutamani, Sidi. Natamani ukali wako, na kicheko kile cha kuanguka na kigoda. Hoteli imebadilisha jina, baa ina kijana mwingine, na hayo yote nimeyazoea. Lakini kumpoteza Mama bila wewe, hilo siwezi kulizoea. Kama chupa ilivunjika, au Wafula aliimwaga, hatutakuuliza. Njoo mikono mitupu, kaa nasi kaburini, halafu tutakunywa chai. Lakini kama ipo, hata kama uliimaliza zamani ukisikia nyumbani kumekuita, njoo nayo hivyo hivyo ilivyo, na kizibo chake.

Baba yuko hapa mlangoni. Macho yake hayaoni maandishi sasa, kwa hiyo nimemsomea yote. Ameniuliza neno moja tu:

"Umemwambia asiioshe?"

Mdogo wako,
Dama