Tembe za Tumbo la Mtu Mwingine

Moraa mjukuu wangu,

Huku Nyamache tunaendelea vizuri, na yule ng'ombe niliyemnunua kwa jasho langu amezaa ndama jike! Lakini ujumbe wako umenirusha kitini. Unauliza kama umtumie mama yako tembe zako za msokoto wa tumbo zilizobaki, kwa kuwa naye tumbo linamkata. Usitume!

Nilipoolewa hapa, tumbo liliponikata, mama mkwe alinigawia tembe zake, kama tunavyogawiana chumvi. Tumbo lilitulia kweli. Lakini nilipofika kituo cha majani chai, kinywa kilikauka, moyo ukaenda mbio, macho yakaingia ukungu, na mimi ninayejua hesabu kuliko wote pale sikuweza kusoma mizani. Karani akacheka, "Huyu mama amelewa!" Mimi, Msabato! Mpaka leo sijamsamehe.

Nilipokimbilia hospitali, daktari aliniuliza, "Hizi tembe ni za nani?"

"Za mama mkwe."

"Basi yeye ndiye aliyepimwa. Wewe nikupime kwanza."

Akauliza kuhusu macho, mkojo, moyo, na dawa nyingine ninazomeza. Hapo nikaelewa kwamba maumivu yanaweza kufanana na miili isifanane. Na mama yako ana presha ya macho, Moraa! Tembe hizo zingeweza kumharibia macho.

Wewe meza zako vile ulivyoandikiwa. Maumivu yakizidi usiongeze, rudi kwa daktari. Nimefurahi mno umeuliza kwanza! Mama yako nimemtoa jikoni na mwiko mkononi. Tuko kwenye foleni ya kliniki sasa hivi, naye bado ameninunia.

Nyanya yako