Kamba ya Nepi kwenye Mkono wa Kioo

Jumatatu, 3 Februari

Nepi ishirini na mbili leo. Kulwa anaharisha, Doto naye kaanza. Mapacha wana miezi mitano, na mimi nina miezi mitano sijalala nikatosheka. Mgongo haunyooki.

Mume wangu Deo alipotoka kwenda mjini nikafunga kamba yangu. Mwisho mmoja kwenye mpera, mwingine kwenye mkono wa kioo cha pembeni cha gari, upande wa kulia. Kamba ya uani ni ya wapangaji wote, na Mama Happy keshasema nepi zangu zinammalizia nafasi. Kwenye majani sianiki tena. Mwezi wa kumi na mbili nzi walitaga kwenye nguo, Doto akatoka majipu mgongoni. Kila jipu nikakamua funza. Yeye analia, mimi nalia. Sirudii.

Deo alishanikataza. Alikuta nepi kwenye boneti akasema, "Mama Kulwa, hili gari ni ofisi. Mteja akikuta mavi ya watoto atapanda?" Kwa hiyo naanika akiondoka, naanua kabla hajarudi. Leo nimeanua saa tisa. Hakujua.

Alhamisi, 6 Februari

Deo kaenda mnadani Kibaoni na wauza mitumba. Gari letu ni lile la kulala ndani, lilikuwa na jiko na vitanda. Wazungu wawili wazee walisafiri nalo mpaka hapa Mpanda, likawafia, wakaliacha kwa bei ya kutupa. Deo akang'oa jiko na vitanda, akabakiza kimoja. Sasa linabeba marobota na wenye marobota, linawazungusha minadani.

Dirisha la nyuma limezibwa kwa mbao. Usukani uko kushoto. Upande wa kulia Deo haoni kitu bila kile kioo. Na kile kioo kinalegea. Mara ya tatu tangu mwaka uanze. Anakaza, kinalegea. Anasema ni barabara ya hifadhini, mashimo.

Kamba yangu sijamtajia.

Jumapili, 9 Februari

Tumetoka kanisani tukamkuta fundi Salumu uani, Deo alimwita. Amefungua kioo chote. Bodi ya gari ni faiba, si bati, nyepesi kama ganda la yai. Matundu ya bolti yamepanuka.

Salumu aliyatazama muda mrefu. Akamwambia Deo, "Kaka, mtikisiko ungelipanua tundu pande zote, lingekuwa duara. Hili limeraruka upande mmoja. Kuna kitu kinavuta kwa huku." Akanyoosha spana. Spana ikaelekea kwenye mpera.

Mimi nilikuwa nimesimama na beseni.

Deo akacheka. "Labda watoto wa jirani wanabembea." Salumu hakucheka. Akasema dawa ni moja, pleti ya chuma kwa ndani, bolti ndefu, nati mbilimbili. Deo akasema baada ya mnada wa Alhamisi, kwa sasa funga hivyo hivyo. Salumu akafunga, akazungushia mpira wa tyubu, akasema mara mbili, "Hii si kazi, kaka. Hii ni kushikiza tu."

Ningesema pale pale. Sikusema. Niliona aibu mbele ya fundi, na niliogopa kukosa pa kuanika.

Jumanne, 11 Februari

Mvua siku mbili. Kila kitu kimelowa, nyumba inanuka mkojo. Saa sita jua likatoka, Deo amelala. Nikafunga kamba upesi. Nepi zote. Halafu na blanketi la watoto, lile zito.

Nikasikia mkono wa kioo unalia. Nikakimbia. Bolti ya juu ilikuwa imetoka, imening'inia. Nikaanua vyote. Nikairudisha bolti kwa kidole. Haikushika, nikavuta ule mpira wa tyubu nikaukaza juu yake hadi kucha ikavunjika. Kwa macho huoni kitu.

Nitamwambia akiamka.

Jumatano, 12 Februari

Sikumwambia. Ameondoka jioni ili alale Sitalike, kesho awahi mnada. Nimempa maji ya kunawa, nimemwambia safari njema.

Alhamisi, 13 Februari

Amemgonga mtu.

Mmoja wa wauza mitumba kanipigia simu saa nne. Mnadani, wakati Deo anarudi nyuma kuegesha. Kioo kiligeuka kikatazama chini. Yule abiria anayekaa kulia huwa anamwelekeza, "njoo, njoo, simama", ila alikuwa keshashuka. Mama mmoja alikuwa ameinama anapanga viazi vitamu juu ya gunia. Tairi limepita juu ya mguu wake.

Yu hai. Deo yuko polisi.

Nimewanyonyesha wote wawili kwa pamoja. Wakawa wanalitema ziwa.

Ijumaa, 14 Februari

Yule mama wamemleta hospitali ya huku mjini. Mguu umekatwa chini ya goti. Anaitwa Editha, wa Usevya. Ana mtoto wa miezi minane. Jana mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, pembeni.

Nimeandika hayo yote na mkono haujasita. Sijui mimi ni mtu wa aina gani.

Jumapili, 16 Februari

Deo yuko nje kwa dhamana. Hali chakula. Leo kasema kwa mara ya kwanza, "Salumu kaniponza. Kesho nawaambia polisi alifunga ovyo."

Mchana mke wa Salumu kaja, habari imeshamfikia, kakaa mlangoni bila kuvua kanga kichwani. "Dada, wewe ulikuwepo. Mume wangu alimwambia kaka ile si kazi, au hakumwambia?"

Nikamjibu alimwambia. Kweli hiyo. Lakini ni nusu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimesema.

Nilianza kwa kulia, nikajichukia, nikafuta uso nikaanza upya. Kamba. Mpera. Blanketi. Bolti niliyoirudisha kwa kidole.

Deo akasukuma chai pembeni. "Jumanne uliiona imetoka?"

Ndiyo.

"Na Jumatano ukaniambia safari njema."

Ndiyo.

Hakufoka. Nikamwambia na lililobaki, maana nalo ni kweli. Baba Kulwa, nilikuomba nguzo mbili tangu mwezi wa kumi. Kila siku ukasema kesho. Na Salumu alisema hii si kazi, wewe ukaondoka nayo. Langu nalibeba. La kwako usimtwishe mtu.

Akavaa viatu akatoka. Amerudi saa kumi. Amewaambia polisi kwamba fundi hana kosa. Kwa Salumu amepita pia.

Jumapili, 23 Februari

Nimeenda hospitali na uji kwenye chupa. Doto mgongoni, Kulwa nimemwacha kwa Mama Happy. Editha ni rika langu. Nilidhani atakuwa mkubwa. Mama yake alikuwa sakafuni na mjukuu.

Alinipokea vizuri, hakujua mimi ni nani. Akamwona Doto, akauliza jina, akacheka. "Mapacha? Pole, mwenzangu. Nepi zote hizo unaanika wapi?"

Nikamwambia. Mimi ni nani, na naanika wapi. Yote, mpaka bolti.

Akageukia ukutani. Akasema taratibu, "Nenda nyumbani, dada. Leo nenda." Mama yake aliniangalia. Akauliza tunakaa wapi, nikasema Shanwe, nyumba yenye mpera.

Nimetembea mpaka nyumbani. Doto alilala njia nzima.

Jumamosi, 1 Machi

Polisi wametukabidhi gari. Kesi bado. Salumu kaja na pleti zake, kazikata mwenyewe. Alihitaji mtu wa kushika kioo kwa nje wakati anakaza kwa ndani. Deo akanitazama. Nikaenda mimi. Nilishika mpaka bega likafa ganzi. Bolti nne, kila moja nati mbili. Deo akaning'inia kwenye ule mkono kwa uzito wake wote. Haukuyumba.

Hakuna aliyefurahi. Mguu haurudi.

Jumatatu, 3 Machi

Deo kachimba mashimo mawili alfajiri, kasimamisha nguzo, kashindilia mawe. Kamba mpya. Hajanisemesha bado sana, ila aliuliza kama urefu unatosha.

Saa tatu mama yake Editha kaja. Hakubisha hodi. Hakunisalimia, shikamoo yangu hakuiitikia. Kaweka mfuko wa plastiki miguuni pangu. "Pale hospitali hapana pa kuanika. Zifue. Jioni nazifuata." Akaondoka.

Nepi nane za mjukuu wake. Nimezifua za kwanza, kwa maji ya moto. Nimezianika mwanzo wa kamba, upande wa jua. Zangu zimefuata.

Zimekauka zote kufikia saa nane. Nimezipiga pasi, nimezikunja. Nakaa mlangoni namsubiri.